Mpangaji Ndani ya Kompyuta

Badria alikuwa anachora kanga ya mabibo pale kishale cha kompyuta kilipoanza kutembea chenyewe.

Hakuwa amegusa kitu. Mkono mmoja ulishika kikombe cha chai, mwingine ulikuwa unakuna kisigino. Kishale kikatambaa kwenye kioo, kikavuka mji wa kanga, kikafika kwenye pindo, kikaanza kufuta mabibo. Kilifuta moja, kikaruka moja, kikafuta lingine, kama mtu anayepunguza miche ya mchicha. Kilipomaliza, pindo likapumua. Badria alikuwa amelitazama pindo lile asubuhi nzima bila kujua lina ugonjwa gani, na sasa akajikuta anasema kwa sauti, "Aa, kumbe."

Kisha ndipo akaogopa. Akaweka kikombe chini. Juu ya kioo, taa ndogo ya kamera ilikuwa inawaka kijani, na yeye hakuwa ameiwasha. Akachukua plasta ya kidonda, akaibandika kamera usoni, akampigia simu Elimringi.

Kazi ya Badria ilikuwa hiyo: kubuni kanga. Alipanga chumba cha mbele kiwe duka lake kwenye nyumba ya Mzee Khalfani, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na humo alichora mapambo, akachagua rangi, akaandika jina, yale maneno ya chini yanayomfanya mwanamke achukue doti hii aiache ile. Wenye maduka ya jumla walichukua michoro yake wakaipeleka kiwandani. Kwa michoro alisifiwa. Kwa maneno, hapana. Aliandika TUPENDANE. Aliandika SUBIRA NI NJEMA. Zulekha, mteja wake mkubwa mwenye duka Mtaa wa Uhuru, aliwahi kumwambia kwamba majina yake yanafaa kubandikwa kwenye ukuta wa zahanati.

Elimringi alikuwa fundi kompyuta mwenye meza yake ghorofani, Mtaa wa Aggrey. Mtu mpole, asiyecheka. Alipoingia dukani hakukaa hata kidogo. Alichomoa kwanza waya wa intaneti.

"Sasa hapati pa kupita," akasema. "Umeweka nini kipya humu, dada?"

"Programu ya kuchorea. Nilipewa kwenye flashi. Ile ya dukani siiwezi bei yake."

"Na hiyo ya flashi ilikuambia uzime antivairasi kwanza?"

"Ndiyo."

"Ukazima?"

"Si ilisema nizime!"

Elimringi akamtazama kwa huruma. "Dada, mtu akikuambia mfunge mbwa kwanza ndiyo nije kukutembelea, utamfunga?"

Fundi akavuta stuli, akafungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta, akaishusha polepole kwa kidole. Akasimama kwenye moja.

"Hii inajiita mhudumu wa printa. Printa yako iko wapi?"

"Ilikufa zamani. Nikaiuza kama chuma chakavu."

"Basi printa imekufa, lakini mhudumu wake anaamka kila siku anakuja kazini." Akagongagonga kioo. "Ndiye huyu. Amefungua mlango wa nyuma. Kuna mtu anaingia humu na kutoka anavyotaka, anaona unachofanya, anasikia unachosema."

Nje, chini ya dirisha, Mzee Khalfani alikuwa amekaa kwenye baraza lake kama kawaida, sikio moja kwenye redio, la pili kwenye maisha ya wapangaji. Katika maneno yote ya Elimringi alinasa haya: mlango wa nyuma, mtu anaingia na kutoka. Akazima redio. Akachukua bakora yake, akavuka barabara kuelekea Gerezani kwa mafundi wa chuma bila kumuaga mtu.

Nyumba ile ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya zamani, yenye vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Mlango wake wa mbele uliliwa na duka la Badria tangu siku nyingi, kwa hiyo wapangaji wote walipitia mlango wa nyuma, ule wa uani unaotokea uchochoroni. Humo ndimo walimopita na ndoo kwenda kwenye bomba na bafu la uchochoroni, na humo Severa, mama ntilie kutoka Songea aliyepika uani, alimopitisha masufuria yake kuwapelekea wapagazi wa sokoni.

Elimringi alikuwa katikati ya kumng'oa yule mhudumu wa printa, mstari wa kijani umefika nusu kwenye kioo, aliposikia mlio kama wa nyuki wengi. Umeme wa nyumba nzima ukazimika.

Walipotoka uani wakamkuta Mzee Khalfani ameegemea bakora, ameridhika, na fundi wa kuchomelea, Athanas, amepiga magoti na miwani yake myeusi. Mlango wa nyuma ulikuwa na bamba la chuma juu mpaka chini. Kilichokuwa kimebaki ni kona moja tu, na hiyo waliimalizia kwa umeme wa jirani.

"Mwanangu," Mzee Khalfani akamwambia Badria, "lala salama. Sasa hata mjusi hapiti."

"Mzee," Elimringi akasema, "mlango niliousema mimi uko ndani ya kompyuta."

Mzee akaingia dukani. Akainama, akaizunguka kompyuta, akachungulia nyuma yake kwenye vitundu vya waya. Akainuka.

"Humo? Mtu mzima anapita humo?"

"Hapiti mwenyewe, Mzee. Anapita... ujanja wake."

"Basi ujanja wake nao nimeufungia," akasema Mzee, akarudi kwenye redio.

Umeme uliporudi, Elimringi akaiwasha kompyuta. Mhudumu wa printa alikuwa amerudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi akatikisa kichwa. Ndani humo kulikuwa na kitu kingine kilichofichwa, kazi yake ni kumrudisha mwenzake kila akifutwa. Ukikata tawi, shina linachipua. Dawa ilikuwa moja, kufuta kila kitu na kupiga windo upya, yaani kuweka mfumo mpya wa kompyuta, kutoka kwenye flashi safi. Flashi hiyo aliiacha nyumbani Kimara.

"Nitakuja nayo kesho. Mpaka hapo, usiunganishe intaneti. Hata kidogo."

Badria akaahidi.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na nafasi ya kukumbuka ahadi. Nyumba nzima ilikuwa inapita dukani. Njia nyingine haikuwepo. Severa alipita na sufuria la wali, akarudi, akapita na sufuria la samaki wa soko la Feri waliotoa moshi hadi kwenye rangi za sampuli. Mpangaji wa chumba cha kona, Augustino, alipita na mtungi wa gesi begani, halafu akapita tena na taulo kiunoni akitafuta bomba lilikohamia, ingawa bomba halikuwa limehama. Kuku wawili wa Mzee walipita bila kusalimia.

Katikati ya msafara huo akaingia Zulekha. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo na sauti, na alipokaa kwenye kiti cha wateja ilionekana kama amekinunua.

"Shoga, kiwandani wananisumbua. Kanga ya mabibo iko wapi? Nitumie sasa hivi niione inaondoka."

"Fundi kaniambia nisiunganishe..."

"Fundi ndiye anayenunua kanga?"

Badria akachomeka waya. Alijiambia ni dakika chache tu, mchoro uende, achomoe. Lakini kabla hajaufungua hata huo mchoro, ukurasa mweupe ukajifungua kwenye kioo na herufi zikaanza kujipanga zenyewe.

*Jana mlinichomolea waya.*

Badria akapiga ukelele. Severa, aliyekuwa anapita na ndoo ya vyombo, akasimama. Augustino akasimama nyuma ya Severa. Mzee Khalfani akaingia kutoka barazani na bakora mbele.

"Yuko wapi?"

Badria akaonyesha kioo. Mzee akasoma kwa shida, mdomo ukitembea.

"Muulize yeye ni nani."

Badria akaandika: *Wewe ni nani?*

*Mimi nipo nipo tu,* herufi zikajibu. Kisha: *Shikamoo Mzee Khalfani.*

"Marahaba," Mzee akasema, akiiambia kompyuta. Bakora ikashuka. Akawageukia wapangaji wake. "Kajuaje kuwa nipo?"

"Anasikia," Badria akanong'ona. "Fundi alisema anasikia."

"Anasikia, na anaamkia." Mzee akamwangalia Augustino kwa macho makali. "Humu ndani kuna watu wana mwaka na zaidi, hawajawahi kuniamkia, wanapita tu na taulo."

Zulekha hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, maana kanga ya mabibo ilikuwa imejifungua pembeni.

"Nani kapunguza hili pindo?"

Badria alikuwa mkweli kwa tabia. "Huyo."

"Ana jicho huyu! Hebu mwambie aangalie na jina."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Kishale kilishashuka kwenye maneno. Badria alikuwa ameandika MAMA NI MAMA. Yakafutika herufi moja moja, na mahali pake pakaandikwa:

UPENDO WA MAMA HAUNA MWISHO, WAKO UMEISHIA WAPI?

Zulekha akajipiga paja. "Ya wakwe hiyo! Itaisha sokoni kabla ya adhuhuri!" Severa akaweka ndoo chini, akajifuta macho kwa kucheka. Badria naye alitabasamu, lakini kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali asipojulikana.

"Nyingine!" Zulekha akaiamuru kompyuta.

KARIBU NDANI, MASIKIO YAACHE NJE.

Aliyecheka zaidi hapo alikuwa Mzee Khalfani. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kweli kabisa! Watu wana masikio mji huu!"

Tabasamu la Badria likakauka. Akajikuta anahesabu moyoni ni nani aliyewahi kumwambia maneno yale, na jibu halikuja, kwa sababu alikuwa analitafuta kwa watu wengine.

Ndipo likaja la tatu.

KITANDA UMECHUKUA, USINGIZI UMENIACHIA.

Nyumba ikalipuka. Augustino alipiga mluzi. Zulekha alisimama, akakaa, akasimama tena, anasema hiyo ni ya wanawake wote, hiyo itavuka mpaka Mombasa, hiyo kanga atakayeivaa hatahitaji kwenda mahakamani. Severa akairudia kwa sauti kama anaionja chumvi.

Badria aliondoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka mapajani.

Rajabu, aliyekuwa mume wake, alipoondoka alichukua kitanda. Hakuchukua redio wala sufuria. Alileta mkokoteni mchana kweupe, akapakia kitanda cha mninga, akaketi juu yake kukizuia kisianguke, akasukumwa hivyo kando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi watu wakimpungia kama bwana harusi. Badria alitandika godoro sakafuni na akalala vizuri kuliko alivyowahi kulala katika ndoa. Alimwandikia dada yake Sabaha, aliyeko Lindi, maneno hayo hayo, kwenye kompyuta hii hii. Walikuwa wanaandikiana kila siku. Ile ya mama ilimhusu mama yake Rajabu, na mapenzi yake kwa mkamwana. Na ile ya masikio ilimhusu Mzee Khalfani.

Kwa hiyo mtu huyu hakuwa anatunga chochote. Alikuwa ameketi mahali, Mungu ndiye ajuaye wapi, anasoma alichomwambia Sabaha alipokuwa analia na alipokuwa anacheka, halafu anakitoa hapa mbele ya watu na anapigiwa makofi. Badria alihisi uso unamuungua. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomchanganya zaidi: walikuwa wanacheka kweli. Maneno aliyoona hayafai hata kusikika nje ya familia ndiyo waliyokuwa wanayagombania.

Akachomoa waya.

"Anatoka leo," akasema.

"Nani?" Zulekha akashika kifua. "Huyu? Mwache mpaka Idi, shoga yangu! Mwache aniandikie angalau za Idi!"

"Na huwezi kumtoa hivi hivi," Mzee Khalfani akasema. "Mpangaji anapewa notisi. Hata kama alikosea hakujitambulisha kwa mjumbe wa mtaa, notisi ni haki yake."

"Mzee, huyu si mpangaji. Ni mwizi."

"Mwizi gani anatoa shikamoo?"

"Kaiba nini?" Severa akauliza kwa upole. Aliuliza kweli, anataka kujua.

Badria akafungua mdomo. Angejibu ingebidi aeleze yote, na Mzee wa masikio alikuwa amesimama pale pale. Akaufunga.

Katika mabishano hayo Elimringi akaingia na flashi yake, na nyuma yake, Athanas na mashine ya kukatia chuma. Augustino ndiye aliyemwita. Wapangaji walikuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba mlango ufunguliwe, kwa sababu kuoga kupitia dukani kumewashinda. Elimringi aliuona waya uliochomolewa, akauona ukurasa mweupe, akamtazama Badria.

"Uliunganisha."

"Niliunganisha."

"Akaongea na nyinyi?"

"Kaongea vizuri sana," Mzee akasema.

"Mzee, kwa heshima zote, sisi hatuongei na hawa. Ukimjibu unamwambia kuna mtu nyumbani."

Athanas akatafuta soketi. Badria akawahi, akasimama mbele yake na kuziba ukuta kwa mgongo.

"Hapa hakuna mashine inayochomekwa mpaka huyu amalize. Jana mlituzimia umeme kazi ikiwa nusu."

"Dada, watu wana ndoo mkononi."

"Wasubiri."

Athanas akamtazama Mzee, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye bamba. Mzee akakohoa. Ilikuwa wazi kwamba moyo wake uko na yule kijana wa shikamoo. Lakini Badria alikuwa hajawahi kusimama hivyo mbele ya mtu yeyote katika nyumba ile, hata mbele ya mkokoteni, na Mzee alikuwa ameona mkokoteni.

"Mlango wangu utasubiri," akasema.

Basi wakasubiri wote. Elimringi alinakili michoro ya kanga kwenye diski ya pembeni, michoro peke yake, hakuna programu hata moja. Alimuuliza Badria kama kuna kingine cha kuokoa. Badria akafikiri, akasema hapana. Kwa simu yake akabadilisha paswedi za kila kitu, na kwenye mtandao wa kuandikiana na Sabaha akaiondoa ile kompyuta iliyokuwa imeunganishwa. Kisha fundi akaanza kufuta. Mstari ukatokea kwenye kioo, ukaanza kutembea, na wapangaji wakautazama kama wanaotazama penalti. Severa aliona watu wamekaa na chakula kipo, akapakua. Augustino alikula na taulo begani.

"Akija tena ataona nini?" Mzee akauliza.

"Ukuta," Elimringi akasema.

Mzee akatafuna kidogo. "Sijui kama ana pa kwenda."

"Watu kama hao, Mzee, hawakosi nyumba. Mji mzima umefunga mbwa."

Mstari ukafika mwisho. Kompyuta ikajiwasha upya, nyeupe, haijui lolote. Elimringi akaiwekea antivairasi, akaweka programu ya kuchorea ya bure lakini ya halali, akarudisha michoro baada ya kuikagua mmoja mmoja. Kwenye orodha ya wanaoamka asubuhi, mhudumu wa printa hakuwepo. Akamwonyesha Badria mara mbili ili ajue kuangalia mwenyewe. Halafu akasema neno pekee lililofanana na utani siku ile: "Sasa Athanas anaweza kutuzimia umeme."

Athanas akauzima kweli, lakini bamba lilikatika, umeme ukarudi, na wapangaji wakamiminika uchochoroni na ndoo zao. Duka likabaki kimya kama msikiti baada ya swala.

Zulekha hakuondoka. Alikuwa kwenye kile kiti, amenuna.

"Sasa nani ataniandikia?"

"Mimi," Badria akasema.

"Wewe? Wewe wa SUBIRA NI NJEMA?"

"Rajabu aliondoka na kitanda, Zulekha. Alikaa juu yake. Muulize mtu yeyote mtaa huu."

Zulekha akacheka, akadhani ni mzaha. Kisha akamwona Badria hacheki. Akaangalia kompyuta tupu, akamwangalia tena, na polepole sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo, akaelewa. Akaweka mkono mdomoni.

"Zote tatu?"

"Zote. Alikuwa anasoma niliyomwandikia dada yangu."

"Na mimi nikawa nampigia makofi." Zulekha akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwenzangu. Nizichape, nisizichape?"

Badria alifikiri. Hasira ilikuwepo bado, lakini haikuwa ya maneno. Ilikuwa ya mkono ulioyachukua. "Ya kitanda chapa. Ya mama chapa. Ile ya masikio, ngoja kwanza nihame."

Walicheka kwa sauti ya chini, kwa sababu ya dirisha. Zulekha akasimama aende. Alifika mlangoni, akashika fremu, hakutoka. Barabarani wapagazi walikuwa wanapiga kelele za kuomba njia, na yeye, ambaye sauti yake ilifika mpaka Msimbazi, akaongea kwa sauti ambayo Badria hakuwahi kuisikia kwake.

"Idrisa," akasema. Huyo ni mume wake. "Siku hizi ananisalimia kama mteja. Anasema karibu, anasema asante. Nimejaribu kutafuta neno la kumwambia. Nauza maneno siku nzima, na langu silipati."

Badria alikuwa ameshafungua ukurasa mpya kwenye kompyuta safi. Akaizima. Akavuta kile kiti karibu na chake, akampigapiga Zulekha mkono akae.

"Ilianzaje?" akamuuliza.